Nimepewa dawa ya kifafa na ya presha, ninachoumwa ni kichwa

Daktari na wasomaji wenzangu, salaam.

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto wawili. Kichwa kinanisumbua tangu niko sekondari, na miaka yote hiyo nimetibiwa malaria, taifodi na UTI kuliko nilivyotibiwa kichwa chenyewe. Mwaka jana ndipo nilipopata rufaa kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Akaniuliza maswali bila haraka, mwishowe akasema nina shida mbili ndani ya kichwa kimoja.

Ya kwanza ni kipandauso. Naanza kuona zigizaga inayometameta pembeni mwa macho, hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi, halafu baada ya kama nusu saa kichwa kinaanza kugonga upande wa kushoto. Jirani akikaanga vitunguu, natapika. Nikisuka, nafumua usiku huohuo, maana hata mto ukigusa ngozi ya kichwa panauma. Nafunga mapazia, nalala, kazi inalala na mimi.

Ya pili ni neva ya uso. Hii haigongi, inapiga shoti. Sekunde chache tu, kutoka mbele ya sikio hadi kwenye fizi za chini, imekwisha, nami nimebaki nimeshika shavu machozi yananitoka. Inaamshwa na vitu vya kipuuzi: mswaki, upepo wa dirisha la daladala, kutafuna muhogo. Kabla haijajulikana niling'olewa gego zima, na nasema zima kwa sababu nilionyeshwa, halikuwa na hata tundu. Shoti ikarudi palepale pengoni.

Sasa tatizo langu. Kwa neva nimepewa kabamazepini. Kwa kipandauso nimepewa propranololi, nimeze kila siku, hata siku nisiyoumwa. Mama mkwe ana mjukuu mwenye kifafa, akaitambua kabamazepini alipoiona tu kabatini. Hiyo nyingine mume wangu aliulizia duka la dawa, akaambiwa ni ya presha. Basi pale nyumbani nimeshakuwa mgonjwa wa kifafa na presha, na sina hata kimoja. Daktari alinieleza kwamba dawa inayotuliza umeme uliozidi kwenye ubongo wa mwenye kifafa ndiyo hiyohiyo inayotuliza neva inayopiga ovyo, na kwamba propranololi hutumika siku nyingi kupunguza idadi ya mashambulizi ya kipandauso (aliuliza kwanza kama nina pumu, sina). Mimi nimeelewa. Mama mkwe hataki kusikia. Anasema nitazizoea nishindwe kuziacha, twende nikapigwe chuku kwa mzee mmoja kijijini kwao. Shoti zenyewe zimepungua mno, siku hizi natafuna pande zote mbili. Na nilionywa kabamazepini haiachwi ghafla.

Kuna jingine. Nilipompeleka mtoto kliniki, nesi alijua natumia kabamazepini akashtuka, kwa kuwa nina kijiti mkononi. Anasema dawa hiyo inakipunguzia kijiti nguvu, naweza kushika mimba. Daktari wa kichwa hakuniuliza habari za uzazi wa mpango, na miadi yangu ni mwezi wa tatu. Je, nikaweke lupu sasa hivi, au nimsubiri yeye?

Linalonitesa zaidi ni dawa za maumivu. Nimeambiwa nisizidishe siku mbili kwa wiki. Sababu ni kwamba mtu mwenye kipandauso akimeza Panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile zenye mchanganyiko wa dawa zaidi ya moja siku 10 au zaidi, miezi ikifuatana, kichwa huanza kuuma kwa ajili ya dawa yenyewe. Sawa. Lakini aliyenikataza hashoni sare za shule mwezi wa kwanza! Tangu nipunguze, kichwa kimezidi. Alinitahadharisha kwamba kitazidi kwanza ndipo kitulie, ila hakusema kitatulia lini, na wazazi wamejaa mlangoni wanadai sketi zao.

Mliopitia hili, mlivukaje siku hizo huku mkifanya kazi? Kuna kitu kinachosaidia mbali na kulala gizani? Na mlioolewa katika nyumba yenye mama mkwe, maneno haya mliyasemaje mpaka yakaingia? Nimefikiria mume wangu anisindikize kwenye miadi ayasikie kwa masikio yake, ila yeye naye ni mtoto wa mama yake, anaweza kutoka pale ameniunga mkono na kufika nyumbani ameshageuka. Labda nimwombe mama mwenyewe ndiye anisindikize? Nisaidieni kabla ya mwezi wa tatu.

Fundi wenu,
Morogoro