Mabamba ya asbestosi si ya kuezekea banda la kuku

Mhariri,

Mwezi uliopita mkandarasi mmoja alibomoa mapaa ya nyumba kuukuu za wafanyakazi mtaani kwetu Maweni, Malindi. Yale mabamba ya kijivu yenye mawimbi, ambayo sisi mafundi tuliyaita "simiti", yalitupwa kutoka juu yakapasuka. Jioni watu wakaja na mikokoteni. Jirani yangu sasa ameezekea banda la kuku, na watoto wanachorea vipande vyake barazani kama chaki.

Ndani ya simiti hiyo mna asbestosi, madini ya nyuzi nyembamba ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Miaka ya sabini niliikata kwa msumeno, kavu, bila hata kitambaa puani. Nikirudi nyumbani kope zilikuwa nyeupe kama nimetoka kusaga unga. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akilikung'uta shati langu uani kabla ya kulitia majini.

Nilipomtajia jirani mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu, na mara nyingine wa tumbo, alicheka. "Mzee, hayo maradhi ya Wazungu." Ni nadra, sikatai: mwaka 2020 wagonjwa wapya duniani kote walikadiriwa kuwa kama 30,000, ilhali wa saratani ya mapafu walipita milioni 2. Lakini haiokoti watu ovyo. Huwafuata waliovuta vumbi hili: wajenzi, mafundi wa mabomba na umeme, waunda meli, wachimba migodi. Wengi ni wanaume waliokwisha zeeka, maana hujificha miaka 20 hadi 50. Wamo pia wanawake waliofua nguo za waume zao. Na hao Wazungu? Ripoti ya mwaka 1960 iliyoufungua ulimwengu macho ilihusu wagonjwa 33 wa hapa hapa Afrika, Afrika Kusini, na baadhi yao hawakuwahi kushika sururu. Waliishi tu jirani na migodi.

Paa zima lisiloguswa halina haja ya kukimbiwa. Hatari iko katika kukata, kutoboa na kuvunja. Kanuni za taka za Kenya za mwaka 2006 ziliitia asbestosi katika taka za hatari. Bamba hulowanishwa, hushushwa zima, hufungwa kwa plastiki na kuzikwa palipoidhinishwa. Vijana wa mkandarasi yule hawakuwa na barakoa wala ndoo ya maji.

Namtaka arudi ayakusanye, hata yaliyokwisha bebwa. Jirani nimemsihi asiyapigilie tena misumari. Leo asubuhi nimesikia nyundo.

Fundi wa paa mstaafu,
Maweni, Malindi