Kaka, kuhusu ile ndoo ya chikichi

Kaka, shikamoo.

Miezi mitatu sasa hupokei simu zangu, basi nakuandikia huku wanakosoma na watu.

Mgongo vipi? Mvua imeshashika, najua utakuwa umeshinda Simbo shambani. Mikungu mwachie kijana abebe. Na ile michikichi isiyozaa ing'oe, kaka. Usidanganyike na unene wake. Imenawiri hivyo kwa sababu haina cha kulea, kila mkungu unaozea juu kabla ya kuiva. Hiyo ndiyo aina inayoitwa pisifera. Mchikichi wetu wa zamani ni dura, wenye kifuu kinene, ule Mama aliokuwa akigonga kokwa zake kwa jiwe apate mise, kile kiini cha ndani. Dura ukiipandisha kwa chavua ya pisifera unapata tenera: kifuu chembamba, nyama tele, mawese mengi. Tangu 2018 Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alipoivalia njuga michikichi ya Kigoma, kila mtu anaitaka hiyo. Lakini mbegu ya tenera ukiipanda inarudi kwa mababu. Tenera kwa tenera, katika miche minne tegemea dura mmoja, tenera wawili, pisifera mmoja. Ndiyo maana nashinda juu ya ngazi nikiyafunga maua ya kike mifuko, napuliza chavua, naandika tarehe, kisha nasubiri miezi mitano, sita. Wewe ulisema nalipwa kuvisha michikichi vilemba. Nilicheka. Ilichekesha kweli.

Mimi sikukupa mbegu. Zile zilikuwa chikichi za tenera zilizobaki baada ya kupima, nikaruhusiwa kuzichukua, nikamletea Mama akamue. Nani alizitoa kwenye ndoo barazani usiku? Nilikwambia usipande. Sawa, nilikwambia nimeshakaa kwenye bodaboda, injini inaunguruma, lakini nilisema. Ulitaka nishuke?

Labda ningeshuka.

Miaka minne ukapalilia, hilo najua, na mgongo huo. Lakini ile siku ya arobaini ya Mama, kaka. Mashehe wapo, shangazi yupo, mawifi zangu wote wawili wapo. Ukasimama na sinia mkononi ukasema, "Muulizeni mtafiti. Tasa kaniletea mbegu tasa." Shangazi akainama kuangalia mkeka. Wewe ukaendelea kupakua, ukaniwekea mbavu, maana unajua napenda mbavu. Nikala. Hadi leo sijui kwa nini nilikula.

Ulikuwepo hospitali mara ya pili. Wewe ndiye uliyenifulia zile kanga.

Miche 50 ya tenera imekaa kitaluni kwa jina lako, nimeilipia kwa pesa yangu na risiti ninayo. Ipande mita tisa kwa tisa, katikati weka maharage. Ifuate kabla mvua haijakata, au mtume kijana.

Ndoo irudishe. Ina namba ya ofisi, na kila mwisho wa mwaka wanaponihesabia vifaa nasema nimeisahau kwa kaka yangu.