Tai wa Shaba

Songea, 14 Januari 2024

Somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mvua zinanyesha, mahindi yamefika magotini. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa hiyo ikikufikia ujue nimejikaza.

Unakumbuka Novemba, rais wa Ujerumani alipokuja hapa kuomba radhi kwa ajili ya Maji Maji? Usiku tulikuwa tunatazama taarifa ya habari. Shangazi akainuka, akazima televisheni, akaenda kulala bila kula. Sikumwelewa. Wiki iliyopita ndipo akaniita chumbani, akavuta sanduku la bati uvunguni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga: tai wa shaba, mdogo kama kidole gumba, bawa moja limekatika. Beji ya kofia ya askari wa Mjerumani.

Yule babu yake tuliyeambiwa alikuja kutoka Kilwa kuuza nguo hakuwahi kuuza hata leso. Alikuwa Mmanyema, na alikuja na bunduki. Bibi yake, Mngoni, hakuposwa. Alikamatwa mwaka 1906, hajavunja ungo, mashamba yalipokuwa yakichomwa ili watu wasalimu amri kwa njaa. Akagawiwa kama mbuzi. Shangazi alimkuta hai. Anasema hadi anakufa alikuwa na kibuyu cha mbegu za ulezi alichokificha darini, hata mwaka wa neema.

Watoto wa bibi huyo waliitwa ruga-ruga, yaani mamluki wa Mjerumani, kisimani, na waliowaita hivyo wengine ni wajomba zao wa damu. Ndipo hadithi ya nguo ikashonwa.

Sasa, somo. Babu yenu yumo katika lile kaburi la pamoja, na wenzake walionyongwa na Wajerumani hapa Songea 27 Februari 1906. Nilimuuliza shangazi kama babu yake alikuwepo siku ile. Akasema, "Askari wote walipangwa." Akafunga sanduku.

Miaka yote hii nimekwenda pale nanyi siku ya kumbukumbu yao, nimevaa sare moja na dada zako, nalia kama mfiwa. Na kwa upande wa bibi mimi ni mfiwa kweli, hilo usininyang'anye. Lakini mwaka huu nikifikiria kusimama karibu na mama yako, miguu inaniishia nguvu.

Shangazi hajui kama nakuandikia. Niambie nije au nisije, na kama mama aambiwe. Usinipigie simu, niandikie.

Wako,
Somo