Barua kwa Mama Rukia kuhusu kigugumizi cha Hamisi

Ujiji, Kigoma

Mpendwa dada yangu Mama Rukia,

Assalaam aleikum. Sisi hatujambo, Bibi amepata nafuu ya goti, na salamu zako za Idi zilitufikia. Uniwie radhi kwa kimya changu. Leo ninakuandikia kwa sababu ya jambo linaloninyima usingizi.

Juzi nilimtuma Hamisi dukani akanunue kibiriti. Nilikuwa barazani nikimwona: "ki-ki-ki", macho ameyafumba, mkono wa kushoto unapigapiga paja, na muuzaji, kwa kutaka kumaliza, akampa karanga. Mtoto alizipokea, akalipa, akaja kuziweka mezani bila kusema neno. Ana miaka 6 tu, dada.

Hapa nyumbani kila mtu humwambia apunguze kasi. Nami niliamini hivyo, hadi nilipomrekodi kwa simu akisimulia habari za wavuvi, kisha nikakaa na kalamu kuhesabu silabi, kazi ambayo katika Kiswahili si ngumu, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia na irabu. Nilipohesabu pamoja na kukwama kwake, nilipata silabi 2 kwa sekunde; nilipoondoa mikwamo na vituo, nikapata 4, sawa kabisa na dada yake. Watafiti wa usemi nao hupima kasi kwa njia hizo mbili. Basi mwanangu hana pupa, na akiimba kaswida pamoja na wenzake hakwami hata mara moja.

Najua kwamba kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, na kwamba watoto wengi hupona. Lakini huu ni mwaka wake wa tatu, na wavulana hupona kwa uchache kuliko wasichana. Linaloniumiza zaidi ni kwamba mwalimu wake mmoja humsimamisha mbele ya darasa na kumwita "Bwana Kiki". Mwaka 1939, huko Iowa, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaambia watoto yatima waliokuwa wakizungumza vizuri kwamba wana kigugumizi, na baadhi yao wakawa wakimya, wakiogopa kusema. Chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2001. Nikiziona zile karanga, ambazo hadi leo hazijaliwa, nawakumbuka watoto hao.

Ndiyo maana nina ombi kwa kaka yako wa Ng'ambo, hapo Tabora, ambaye naye ana kigugumizi. Shule zikifungwa nataka kupanda treni na Hamisi tuje huko, amwone mtu mzima mwenye kigugumizi kama chake akizungumza na watu bila kujificha. Je, kaka ataona vibaya akiulizwa? Alipokuwa mdogo, mama yenu alikuwa akimmalizia maneno, au alimsubiri? Shuleni aliwahi kuruhusiwa kusoma kwa sauti pamoja na mwenzake? Na sisi tukimsubiri Hamisi, tumtazame usoni, au tutazame pembeni?

Nijibu mapema, tafadhali.

Wako akupendaye,
Mama Hamisi