Kabla hujalipia kamera
Habari za jioni wapendwa. Wengi mmeniuliza mnunue kamera gani ya kurekodi video Kariakoo kwa hela kidogo. Nawaomba sana, anzeni na sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye chengachenga, lakini sauti ya mwangwi humkimbiza. Boya BY-M1 ni maiki ya bei nafuu, waya wake una mita 6, na inakubali simu na kamera. Mkimaliza zimeni swichi ya maiki, maana kile kibetri chake cha LR44 huisha kimyakimya.

Kwa kamera, Canon M50 iliyotumika inatosha: ina tundu la maiki na kioo kinachogeuka. Rekodini kwa ubora wa 1080p tu. Kwenye 4K, ubora wa juu zaidi, inakata sana picha pembeni.

Hapohapo dukani chomekeni maiki, rekodini, hamishieni video kwenye simu msikilize kwa hedifoni, ndipo mtoe hela. Jumamosi nitakuja na kamera yangu, anayetaka kuijaribu karibu.