Chakula cha kifaranga hupimwa kwa mdomo wake

Uyole, Mbeya

Mwanangu Lusajo,

Marahaba. Barua yako imefika, na sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza mapema. Unasema vifaranga vya perege mliowapokea huko Matema na kuwafuga kwenye neti ziwani wanakufa siku ya tatu na ya nne, na chakula kimetanda juu ya maji. Kabla hujalaumu dawa, maji au aliyewauza, angalia mdomo. Kifaranga wa sentimita moja hatafuni punje. Humeza kile tu kinachopita mdomoni, na mdomo wenyewe haufiki upana wa kichwa cha kiberiti. Chakula kinaweza kujaa majini na yeye akafa njaa katikati yake.

Mchukue mmoja aliyekufa asubuhi, umlaze kwenye kisahani cheupe chenye maji kidogo. Ukiona kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili, mgongo mwembamba na tumbo limeingia ndani, huyo amekufa njaa. Mwenye tumbo la mviringo lakini mashavu yamejaa ute ana tatizo jingine, mara nyingi hewa au ugonjwa.

Perege jike huatamia mayai mdomoni. Kifaranga akianguliwa anakuwa bado na kiini cha yai tumboni, hicho ndicho akiba yake. Kiini kikiisha, ana siku chache tu za kujifunza kula. Ziwani hula vijidudu vya maji vidogo mno vinavyokaa kwenye maji ya kina kifupi, penye matete na majani. Akikua zaidi ndipo anahamia kwenye mwani na takataka laini za chini, na utumbo wake nao unarefuka kadiri anavyozidi kula majani. Mpasue perege mkubwa utaona utumbo umejiviringisha kama uzi, urefu wake mara kadhaa ya mwili. Wa sentimita mbili bado ni mfupi. Kwa hiyo usiwape wadogo pumba tupu kwa kuwa wakubwa wanazila. Tumbo lao halijafikia huko.

Sasa chakula. Kilo 7 za unga wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, na kilo 3 za pumba laini za mpunga zitakupa kama asilimia 40 ya protini, ambayo ndiyo wanayoitaka wiki za mwanzo. Wakifika gramu 10 au zaidi, shuka hadi kilo 5.5 za usipa kwa kilo 4.5 za pumba. Lakini usipa chunguza kwanza. Ule ulioanikwa mchangani una mchanga ndani, na mchanga unauzwa kwa uzito uleule wa samaki. Saga kiganja kimoja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, acha dakika tano. Kinachobaki kimelala chini ya glasi ni mchanga. Ukiona tabaka lenye unene wa kucha, usinunue mzigo huo. Tafuta ulioanikwa kwenye chanja. Na soya ukiitumia, ikaange kwanza, kwa sababu soya mbichi inazuia protini isimeng'enywe.

Unga upitishe kwenye kitambaa cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, uchekeche mpaka uwe laini kama unga wa uji wa mtoto. Wa wiki mbili za kwanza usizidi nusu milimita. Kwa samaki wa gramu moja hadi tano waweza kupandisha hadi milimita moja. Wafikapo gramu 20, milimita mbili. Kosa linalowaua wengi ni kubadilisha ghafla. Changanya kubwa na ndogo kwa siku tano, maana ndani ya kundi moja wako waliotangulia na waliochelewa.

Kiasi usikadirie kwa macho. Pima ndoo yenye maji, kisha watie vifaranga 30 ukapime tena. Mfano: tofauti ikiwa gramu 96, wastani ni gramu 3.2. Ukiwa na vifaranga 2,000, jumla ni gramu 6,400. Kwa umri huo wape asilimia 7 kwa siku, yaani gramu 448, kwa mara nne, 112 kila mara. Wadogo chini ya gramu moja wanahitaji asilimia 10 hadi 15, mara tano au sita. Wakifika gramu 50, asilimia 3 inatosha. Pima upya kila baada ya wiki mbili, la sivyo unawalisha samaki wa wiki mbili zilizopita.

Usianze kuwalisha alfajiri. Usiku mwani na samaki wote wanatumia hewa ya majini na hakuna anayeizalisha, hivyo saa 12 asubuhi ndipo hewa huwa chini kabisa. Ukiwaona wanapumua juu, wamepanga midomo usoni pa maji, acha chakula kabisa. Anza saa 3 asubuhi. Neti yako pia huziba kwa utelezi wa kijani, maji hayapiti tena, na vifaranga wanakosa hewa katikati ya ziwa lenye hewa tele. Isugue kwa brashi laini kila siku tano. Mvua za huko zikileta tope la mito ya Mbaka na Lufilyo, isugue kila siku mbili.

Juni na Julai maji ya juu ya Ziwa Nyasa hupoa mpaka kama nyuzi 23. Hamu ya kula itapungua, ukuaji utapungua nao. Punguza chakula, usijaribu kufidia kwa kuongeza. Chakula kisicholiwa kinaoza chini ya neti na kinazidisha upungufu wa hewa. Chini ya nyuzi 20 perege hukua taratibu mno. Ndiyo maana mabwawa ya huku kwetu Uyole hayawezi kushindana na Kyela, hata ukilisha vipi.

Urefu peke yake usikudanganye. Samaki akiongezeka urefu mara mbili, uzito huongezeka kama mara nane. Perege wa sentimita 10 mwenye gramu 18 yuko vizuri. Mwenye gramu 12 ni mwembamba, njaa imempitia. Na waliozidi wenzao uwatenge, maana hula kwanza na wengine hubaki mabaki.

Jambo la mwisho linaniuma. Hao wadogo wa ziwani wanakaa penye kina kifupi, na hapo ndipo kokoro na neti za chandarua zinapita. Marufuku ipo kisheria, lakini mtu akivuta hapo anabeba wa mwakani wote kwa sufuria moja. Wewe vifaranga vyako usivitoe huko. Chukua kwenye mabwawa. Na usilete sato, yule perege wa Nile, si wa asili ya Ziwa Nyasa.

Niandikie uzito wa wale 30 ukishawapima, na kilichoonekana chini ya glasi.

Mama anakusalimu.

Baba yako