Umeme wa kumtuliza samaki kabla ya upasuaji

Mhariri,

Samaki akishapasuliwa na kuwekewa kifaa cha kufuatilia mienendo yake, hurudishwa majini, na kesho yake anaweza kuwa sufuriani kwa mtu. Ndiyo maana dawa ya usingizi ya MS-222 nchini Marekani hutakiwa kusubiriwa siku 21 kabla samaki hajaliwa. Umeme hauachi dawa mwilini mwa samaki, kwa hiyo watafiti wa ziwa letu wautazame kama njia mbadala ya kumtuliza.

Msaidizi huvaa glavu zinazopitisha umeme, mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine kwenye shina la mkia. Anza na miliampea 4, upandishe polepole. Glavu hizi hufika 25. Misuli ilegee huku vifuniko vya mashavu vikiendelea kupumua. Akikakamaa, umezidisha: punguza mara moja. Mpasuaji avae glavu kavu za mpira, na mrija upitishe maji kwenye mashavu muda wote. Kifaa kisizidi takriban asilimia 2 ya uzito wa samaki.

Tumia mkondo mnyoofu (DC), yaani umeme unaokwenda upande mmoja, usiokatika. Ule wa kupigapiga kwa kasi hubana misuli hadi uti wa mgongo unavunjika, na jeraha hilo halionekani kwa nje. Umeme wa ukutani ndio mbaya kuliko yote.

Mikono ikiachia, samaki huamka papo hapo, kwa hiyo nyuzi za mwisho zifungwe kwanza. Tusisahau pia: kutulia si lazima kuwe kutosikia maumivu. Upasuaji uwe mfupi, mkasi mkali.

Wataalamu wa uvuvi,
Mwanza